Vyungu Vimerudi Vimejaa

Sura ya Tisa

Wanawake waliondoka wakiimba, wakarudi kimya. Eness alikuwa jikoni kwa shangazi yake Febby akingoja, kwa sababu bibi harusi hafuatani na vyungu vyake, na aliposikia nyayo tu bila wimbo, aliacha kuchochea moto. Alijua kabla mlango haujafunguliwa.

Tangu asubuhi walikuwa wamepika. Ubwali, yaani ugali, wa mihogo, kuku mzima ambaye hakukatwa hata kiungo kimoja, samaki mpumbu wa kukaanga, katapa, yaani kisamvu, kilichoungwa kwa karanga. Ilikuwa siku ya chilanga mulilo, siku ambayo mkwe anaonyeshwa moto wa ukweni. Kabla ya siku hiyo mwanamume anavuta nyavu za baba mkwe kisha anakwenda kula kwao. Baada ya siku hiyo ni mtu wa nyumbani. Na vyungu vile vina sheria yake. Vinabebwa kichwani kwa wimbo na haviwekwi chini mpaka mkono wa upande wa mume uvipokee. Mkono usipotokea, vinarudi, na vikirudi vimejaa, pale Kashikishi ziwani hakuna anayehitaji kuelezwa maana yake.

Febby aliingia shingo imemkakamaa. Alitua chungu chake mwenyewe, akaketi, akajipepea kwa upindo wa kitenge.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo vipi, mayosenge?" Eness aliuliza. Mayosenge ndivyo wanavyomwita shangazi pale ziwani.

"Hayupo kama mtu asiyekuwepo! Mlango wazi, nyumba tupu. Mjomba wake, mzee Bwembya, amekwenda msibani Kabuta, akijua mwenye siku yake yupo. Tumesimama uani na vyungu vya moto utosini. Majirani wakatoa viti, wakakaa wakitutazama. Mmoja aliniuliza kama nauza!"

Mwila, baba yake Eness, alikuwa mlangoni amesikia yote. Alikuwa mvuvi wa sauti ndogo, na sauti yake ilipozidi kuwa ndogo watu wa nyumba ile walikaa mbali.

"Kesho baada ya ibada, shibukombe atarudisha shanga zao," alisema. Shibukombe ni mshenga, na shanga ndizo zilizoletwa na Sampa, mchumba wa Eness, siku ya posa. "Chakula hicho kimwageni."

"Kaka," Febby alijibu, "chakula cha mkwe hakimwagwi jua likiwa juu. Mpaka lizame, vyungu hivi ni vyake."

"Basi lizame."

Akavuta kigoda, akakaa mlangoni kulitazama ziwa, mgongo kwa wanawake wote.

Febby alimshika Eness mkono akamvuta pembeni. "Nisikilize. Akija mwenyewe kabla ya jua kuzama, akala mbele yetu sisi tuliosimama, yamekwisha. Lakini usiende kumwita. Mkwe haitwi kwenye chakula chake. Ukimwita, nitakimwaga mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

"Siendi kumwita," Eness alisema huku akifunga kitambaa kichwani. "Nakwenda kumtukana."

"Hilo sijalikataza," Febby alisema.

Njiani wanaume waliotoka na baiskeli zilizosheheni samaki walimpisha. Wanawake wa kwenye vichanja vya kukaushia waliacha kuzungumza alipowakaribia, wakaanza tena alipowapita, na Eness alisikia jina lake likitafunwa nyuma ya mgongo wake. Hakugeuka. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alijua atamkuta wapi. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo Sampa angekuwa: ufuko mtupu baada ya vichanja vya mwisho, penye mchanga mgumu na upepo wa kutoka ziwani.

Na alikuwa pale. Amepiga magoti juu ya mkeka, bisibisi mdomoni, mbele yake ndege yake ndogo ya kuchonga.

Inafaa niseme ukweli juu ya ndege ile, msije mkadhani Eness alikuwa adui yake. Sampa alizaliwa na mama wa Kashikishi lakini alikulia Élisabethville, ng'ambo huko Kongo, akifanya kazi kwenye duka la Mbelgiji mmoja aliyetengeneza redio. Kila Jumapili Mbelgiji yule alirusha ndege ndogo isiyo na mtu ndani, akiiongoza kwa redio kutoka chini. Aliporudi kwao Ulaya alimwachia Sampa mashine ya ndege ile iliyokuwa ndogo kama yai la kuku, kipokezi chenye taa moja ya redio ndani, na sanduku la kurushia mawimbi lenye antena ndefu. Mwili wa ndege ulikuwa umevunjika. Sampa alikuja nayo hivyo hivyo ziwani, na hapa akagundua mti ule mwepesi wa majini ambao wavuvi wanachongea maboya ya nyavu. Akachonga mbavu za mabawa, akachonga mkia, akachonga tumbo la kubebea betri. Hariri ya mabawa aliishona Eness kwa mkono wake, kwa mishono midogo kabisa, kisha Sampa akaipaka dawa yenye harufu kali mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma.

Mapenzi yao yalikulia kwenye mkeka ule. Kibemba cha Sampa kilikuwa cha kuombea maji tu, na Kiswahili cha Eness kilikuwa cha kuuzia samaki watu wa ng'ambo, lakini kiliwatosha. Sanduku lilikuwa na kitufe kimoja mwishoni mwa waya. Ukikibonyeza, kigurudumu chenye meno ndani ya mkia kinaachia, mpira uliosokotwa unakisukuma, na usukani wa nyuma unageukia kuume. Ukibonyeza tena, kushoto. Ili kupima, lazima mmoja akae na kitufe na mwingine aende mbali na ndege mikononi. Eness ndiye aliyekwenda. Kila usukani ulipogeuka aliinua mkono juu, na Sampa, kule mbali, aliinua wake. Wachumba wengine walikuwa wakipeana maua sijui nini. Hawa walipungiana mikono ufukoni, na Eness alilala usingizi mzuri kila siku hiyo.

Ndiyo maana sasa alimchukia mara mbili.

"Eness!" Sampa alisema bila kugeuka, alizijua hatua zake. Akatoa bisibisi mdomoni. "Umekuya saa ya muzuri kabisa. Kamata ndeke, enda nayo mupaka kule ku mutumbwi. Tupime mara ya mwisho. Mugiriki ya samaki anapita sasa hivi na batimaa, boti yake."

Eness hakusogea. "Leo ni siku gani, Sampa?"

"Samedi," alisema. Ndivyo Élisabethville wanavyoita Jumamosi.

"Samedi ya nini?"

Mkono wa Sampa ulisimama. Eness aliona shingo yake ikikaza, na hapo ndipo alipoumia hasa, maana alitambua kwamba hakusahau. Angekuwa amesahau, angeweza kumwita mjinga, wakalia, wakacheka, yakaisha.

"Samedi ya byungu," Sampa alisema polepole. "Nilijua. Asubui kile kigurudumu ya mukia kilikwama. Nilisema nitengeneze mbiyo, nirudie ku nyumba. Kisha nikasikia bamama banaimba mu njia..."

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Nikasema, bon, banaingia, banaweka byungu ku meza, banakaa. Batu banaweza kungoja kiloko. Kidogo tu. Mulango niliacha wazi baingie."

"Ulisikia wimbo," Eness alirudia, "ukabaki hapa unakaza misumari."

"Eness, ile kigurudumu..."

"Byungu habiwekwi! Habiwekwi chini, habiwekwi ku meza, mupaka mukono ya kwenu ibipokee! Mayosenge yangu alisimama na chungu ya moto ku kichwa. Shingo yake inatetemeka. Na majirani benu banakuya na biti, banakaa, banaangalia sawa vile sinema!"

Sampa alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena ingawa ilikuwa imekauka. "Hakuna mutu aliniambia vile. Kwetu Élisabethville chakula kikikuya kinawekwa, batu banakula."

"Haukuuliza!"

"Nimuulize nani? Baba yako?" Sasa na yeye alisimama, na macho yake yaliwaka. "Kila asubui ninavuta wavu yake mupaka mikono inapasuka, ata bonjour hapana. Ananiangalia sawa mutu anaangalia nzi mu maziwa. Weye unazani ninafurahi? Mugiriki anatafuta mutu ya kutengeneza maredio ya mabatimaa yake yote. Nilimwambia, angalia ndeke yangu, ikigeuka namna ninataka, unipe kazi. Ile kazi ni ya nani? Ni ya nyumba yetu!"

"Nyumba gani?" Eness alifoka. "Nyumba ulikuwa nayo leo. Mulango wazi, mutu hamuna!"

Kabla Sampa hajajibu, sauti ya injini ikasikika ziwani. Batimaa ya Mgiriki, ambayo ni boti ya kubebea samaki, ilikuwa inakata kona ya matete, na mwenyewe amesimama mbele na kofia yake nyeupe.

"Ni yee," Sampa alisema. Akainama, akajaza mafuta yake yaliyonuka hospitali, akazungusha rafadha kwa kidole. Mashine ikakohoa. Akaizungusha tena, ikashika, ikalia kwa sauti ya nyigu aliyefungiwa chupani. Akainua ndege juu ya kichwa, akamtazama Eness, na kwa kweli machoni mwake hapakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Kamata kitufe. Ikipita matete, bonyeza."

Hakuuliza kama atabonyeza. Hiyo ndiyo iliyomtia Eness kichaa. Alikuwa amemwaibisha mbele ya ukoo mzima, na bado aliona ni jambo la kawaida kwamba mkono wake ungekuwa tayari kumtumikia. Akaliinua sanduku, akakishika kitufe.

Sampa alikimbia hatua chache kuukabili upepo, akaiachia.

Ilipanda, na Eness hakuweza kujizuia kuitazama. Hariri aliyoishona mwenyewe iling'aa juani, na ile mishono aliyoifumua na kuirudia mara nyingi ilikuwa imeshika. Ndege ikapita juu ya maji, ikapita matete. Kule kwenye batimaa Mgiriki alivua kofia.

"Bonyeza," Sampa alisema.

Eness hakubonyeza.

"Bonyeza, Eness!"

"Ngoja."

"Namna gani ngoja? Inaenda!"

"Ngoja kiloko. Batu banaweza kungoja kiloko."

Alimwona akielewa. Akaruka kumfuata, na Eness akarudi nyuma na sanduku, akalikumbatia kifuani. Sampa angeweza kumnyang'anya, alikuwa na mikono ya mtu wa nyavu. Hakumgusa. Alisimama mbele yake viganja wazi, akihema, ndege ikizidi kuwa ndogo nyuma ya bega lake.

"Shingo yako inauma, Sampa?" Eness aliuliza.

"Inauma," alisema. Machozi yalimlengalenga, na hakuyaficha. "Ni haki yako. Inauma."

Hapo Eness akabonyeza. Alibonyeza kwa nguvu, akatazama juu ya bega la Sampa. Ndege ilikwenda moja kwa moja. Akabonyeza tena. Ilikwenda, ikaingia kwenye mng'ao wa jua lililokuwa likiteremka upande wa Kongo.

"Haisikii!" alipiga kelele. "Sampa, haisikii!"

"Iko mbali sana." Alisema bila kugeuka kuitazama. "Mawimbi haifiki."

Walisikia sauti ikififia, kisha ikakatika kwa ghafla, mafuta yamekwisha. Kule mbali kitu cheupe kilielea kidogo hewani, kikateremka.

"Sikutaka ipotee," Eness alisema.

"Ulitaka."

Alitaka kubisha. "Nilitaka," alisema. "Kisha sikutaka."

Sampa alifyatuka. Mti wa maboya hauzami, kila mtu wa ziwani anajua, na mwenye kuwahi angeiokota kabla maji hayajaingia kwenye redio. Alikimbilia mtumbwi uliokuwa mchangani, akausukuma mpaka maji yakamfika magotini. Mgiriki alikuwa amepunguza mwendo, anaonyesha kwa kofia alikodhani ndege imeangukia, anamwita kwa mkono apande batimaa. Kila kitu alichokitaka Sampa kilikuwa upande mmoja, na Eness alisimama upande wa pili na sanduku kifuani. Alilitazama jua. Alikumbuka aliyoambiwa: usimwite. Basi hakumwita. Alimtukana.

"Enda!" alilia. "Enda na ndeke yako, mutu hana haya! Enda uoe Mugiriki! Jua likizama mayosenge anamwaga chakula chako, na kesho shanga zenu zinarudia, na mu hii Kashikishi yote hakuna tena mutu atapeleka chungu kwa ajili yangu! Enda! Unasimama nini?"

Maana Sampa alikuwa amesimama, mguu mmoja mtumbwini.

"Chakula yangu ingali?"

"Imelala. Imekuwa ngumu sawa kiatu."

"Hawajamwaga?"

"Mupaka jua izame. Usiniulize. Sikukuambia kitu, nilikutukana tu."

Honi ya batimaa ililia. Sampa aliitazama, akalitazama doa lile jeupe juu ya maji, akatukana kwa Kifaransa tusi ambalo sitaliandika. Kisha akauvuta mtumbwi kwa hasira mpaka ukapanda mchangani wote. Alimpita Eness suruali inachuruzika, bila kumtazama.

"Sampa."

"Usiseme na miye."

Walipita vile vichanja, yeye mbele, Eness nyuma, na kila mmoja alikuwa na ghadhabu yake. Wanawake wa samaki hawakunyamaza safari hii. Walicheka waziwazi, na mmoja akaacha kazi yake akawafuata ili asikose kitu.

Mwila alikuwa bado kwenye kigoda chake mlangoni. Sampa alivua viatu vilivyolowa, akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima. "Njeleleniko, napapata," alisema. Kibemba chake cha kuomba radhi kilikuwa kibovu, lakini kilikuwa chote alichonacho. Mzee alisogeza mguu wake kidogo kumpisha apite, akaendelea kulitazama ziwa.

Jikoni wanawake walikuwa wamekaa duara, vyungu katikati.

"Mama, miye..." Sampa alimwanzia Febby.

"Nawa mikono," Febby alisema. "Kula."

Ubwali wa mihogo uliopoa haumegeki. Ulivutika mkononi mwake, ukamganda vidoleni. Wanawake waliangua kicheko. Akatia tonge mdomoni, akalitafuna, mishipa ya kichwa ikamsimama. Mafuta ya samaki yalikuwa yameganda meupe. Alikula. Mwanamke mdogo kuliko wote, aliyebeba kuku njia nzima, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Ulisikia tunaimba?"

Kicheko kilikatika. Eness, aliyesimama karibu na mafiga, aligeuka kumtazama Sampa. Ilikuwa rahisi kusema hapana, na mle ndani hakuna ambaye angejua ila Eness.

"Nilisikia," Sampa alisema. "Nilisikia muzuri kabisa, nikabaki."

Febby akamega tonge kubwa mwenyewe, akaliweka mbele yake. "Basi na hili."

Akalila. Mara moja tu aliinua macho kumtazama Eness ng'ambo ya moto, na lilikuwa jicho la mtu aliyeudhika kweli kweli, jicho la mtu mwenye maneno mengi ya kusema na anayekusudia kuyasema yote, kesho na keshokutwa na mwakani. Eness akamkata la kwake. Alikuwa na hasira kuliko siku yoyote ya maisha yake, na alifurahi vilevile.

Nje jua liligusa maji. Mwila aliinuka, wakamsikia akitoa kasia ukutani.

"Imeangukia wapi?" aliuliza bila kuingia.

Hakuna aliyemwelewa.

"Ile ndege! Nimeiona ikianguka, na Mgiriki anazungukazunguka upande usio wake. Imeangukia wapi?"

Sampa alikuwa mdomo umejaa. Eness akajibu, "Baada ya matete, tata, upande wa kuume."

"Hm." Akaliweka kasia begani. "Mkwe akimaliza kula aje ashike kasia la nyuma. Na mwambieni bado simpendi."

Sampa, mashavu yamevimba, alikivuta chungu cha mwisho.